Kura Zisizo na Muhuri

"Mbona mgongoni peupe?"

Kwa swali hilo tuliachana wiki iliyopita, na msimamizi wa kituo bado amesimama vilevile, karatasi ya kwanza ya kura ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu chooni.



Msomaji uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea nikupe kwa mkato. Darasa la shule ya msingi limegeuzwa kituo cha kupigia kura. Mtaa unachagua diwani, na wenye ubavu ni wawili tu: Mkandarasi, ambaye ndiye diwani wa sasa, na Mkunga wa zahanati, aliyewapokea kwa mikono yake nusu ya watoto wa mtaa huu. Msimamizi ni mwalimu wa shule hiyohiyo. Watu wamempachika jina la Kanuni, kwa sababu hamalizi kikombe cha maji bila kulitaja neno hilo. Na aliyekaa kwenye muhuri tangu asubuhi ni karani wetu, mama kijana mwenye mtoto mchanga, aliyesoma madarasa ya jioni huku tumbo likigusa dawati. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya kuvaa kitambulisho shingoni.

Kazi yenyewe haina uchawi. Karani anachana karatasi kitabuni, anaigonga muhuri mgongoni, anaikunja, anampa mpiga kura. Karatasi isiyogongwa haihesabiwi, hata kama aliyeiwekea alama ametembea tangu alfajiri.

"Karani," Kanuni akasema, wala hakupandisha sauti. "Hii imetoka mezani kwako?"

"Zote zimetoka mezani kwangu, Mwalimu."

"Nimeuliza hii."

"Ndiyo, Mwalimu."

Kanuni akaifungua. "Kura ya Mkunga. Haina muhuri. Kwa mujibu wa kanuni, inakaa pembeni."

Iliyofuata ilikuwa na muhuri. Nyingine nayo ikawa nao, umekaa sawasawa, duara lake zima, wa kupendeza. Karani akaanza kupumua. Labda ni ile moja tu. Mtu ni mtu, moja inaweza kumponyoka yeyote.

Kisha ikaja nyeupe. Ikaja nyeupe nyingine. Kanuni akaingiza mkono sandukuni akatoa fungu zima lililokuwa limelaliana, akageuza moja baada ya moja, na zote zikawa nyeupe kama shuka la hospitali.

"Ngoja!" Fundi akaruka kitini. "Ngoja kwanza, Mwalimu!"

Fundi ni fundi cherehani, mwanamke wa sauti, na hata leo alikuja na utepe wa kupimia nguo shingoni. Ndiye wakala wa Mkunga, aliyewekwa hapo kulinda kura zake. "Hizo unazotupa pembeni, mbona zote ni za mama yetu?"

"Si zote," akadakia Kinyozi, wakala wa Mkandarasi, amekunja nne. "Mbili tatu ni za kwetu. Hata sisi tumeumia, shemeji."

"Shemeji yako nani? Usinizoee." Fundi akamgeukia karani. "Wewe mtoto. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, dada."

"Dada yako ni huyo anayepaka watu wino vidoleni. Mimi nikikuuliza niite mama. Umetumwa na nani?"

Macho yote yakamgeukia. Macho ya Kanuni, ya Fundi, ya Kinyozi, ya dada wa wino ambaye walisoma naye jioni dawati moja, hata ya askari aliyesimama mlangoni. Ukweli ulikuwa umemjaa kooni. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa wa kuaibisha mno, wa kike mno, na chumba kilikuwa na wanaume watatu.

Akadanganya.

"Wino wa muhuri ulikauka," akasema. "Pale katikati ya asubuhi. Nilikuwa nagonga, ila haushiki. Nilidhani unashika."

Dada wa wino, kwa moyo mweupe kabisa wa kutaka kumsaidia mwenzake, akakivuta kikasha cha wino, akakifungua, akabonyeza kidole ndani. Kidole kikatoka zambarau, kinachuruzika.

"Mbona umelowa hivi?" akasema. "Umejaa tele!"

Kisha akauona uso wa rafiki yake. Akatamani kuumeza ulimi.

"Aaah," Kinyozi akatabasamu. "Kumbe ulikauka halafu ukanyeshewa."

Uongo wa kwanza wa karani kazini haukuishi hata muda wa mtu kupiga chafya. Akainamisha kichwa. Masikio yalimchoma kama aliyepigwa kofi, na hakuna aliyemgusa.

"Samahani," akanong'ona. "Haukukauka."

"Basi nini?" Kanuni akauliza.



Kanuni akalifunika rundo la karatasi kwa sahani ya plastiki zisipeperuke, akamwita kwa kidole. Wakasimama kwenye kona ya ubao, mahali ambapo hesabu za watoto hazikufutwa vizuri.

"Nisikilize," Kanuni akasema kwa sauti ya chini. "Sikuulizi kwa nini. Sitaki kujua. Mimi nimesimamia uchaguzi tangu ndevu hazijaota mvi, na kituo changu hakijawahi kuwa na doa."

"Najua, Mwalimu."

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, useme mbele ya wote kwamba kosa ni lako, na useme lilitokeaje. Nitaandika maelezo yako, mawakala watatia sahihi, na hizo kura zitafungwa kwenye bahasha yake ziende juu, kwa wakubwa wa uchaguzi, zikatazamwe upya. Wakiridhika kwamba mpiga kura hana kosa, wanaweza kuzihesabu."

"Wanaweza kuzihesabu?"

"Wanaweza. Na wewe hutapewa tena kazi ya ofisi yoyote. Jina lako litazunguka kila meza."

"Na ya pili?"

Kanuni akatazama pembeni. "Ya pili, unyamaze. Nitasema ni kura zilizoharibika. Kila uchaguzi zipo. Watu hawajui, wanakosea, zinatupwa, maisha yanaendelea. Mkandarasi anashinda, kama alivyoshinda siku zote, na wewe unarudi nyumbani na heshima yako."

Hapo ndipo ningependa, msomaji, kukuambia kwamba mama yetu kijana aliinua kidevu akachagua njia ya kwanza. Natamani sana. Lakini alifikiria cheti chake kilichobandikwa ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Akafikiria zile jioni za kusoma huku miguu imevimba.

"Andika hiyo ya pili, Mwalimu," akasema.

Wakarudi mezani. Kanuni akakohoa. "Ndugu mawakala, hizi za pembeni tunazihesabu kama kura zilizoharibiwa na wapiga kura wenyewe."

"Zimeharibiwaje?" Fundi akafoka. "Nani anaharibu kura kwa kutoigonga muhuri? Mpiga kura ana muhuri nyumbani kwake?"

"Usipaze sauti kituoni. Kanuni—"

"Kanuni kitu gani!"

Kinyozi akajinyoosha kitini, anafurahia. "Wewe nawe, unashangaa nini? Zile si za kina mama wenye watoto, waliopishwa mbele ya foleni asubuhi? Mwanamke ana mmoja mgongoni, mwingine anamvuta gauni, wa tatu bado yuko tumboni anapiga mateke. Kura ataipigia akili gani? Mimi nilijua tu, wale wakipishwa mbele, watamwaga unga."

Askari akacheka mlangoni. Dada wa wino akacheka kwa woga.

Na karani wetu naye akacheka.

Kidogo tu. Kicheko cha kujipendekeza, cha mtu anayetaka watu wamsahau. Lakini alikisikia mwenyewe kilipotoka. Wale kina mama walimsalimia kwa adabu. Mmoja alivaa nguo ya harusi ya dada yake ili aje kupiga kura. Na yeye, ambaye ndiye aliyewaharibia, amekaa hapa anawacheka.

Fundi hakucheka. Alikuwa amemkazia macho Kinyozi.

"Umejuaje kama ni za kina mama?" akauliza polepole.

"Eh?"

"Karatasi hazina majina. Umejuaje kwamba ni za wale waliopishwa mbele?"

Kinyozi akajifanya anatafuta kalamu.

"Mimi saa ile nilitoka," Fundi akaendelea, na sauti yake ya kupasua vioo ikashuka. "Nilikwenda kunywa chai. Wewe ulibaki. Kiti chako kiko hapo, mkabala na meza ya muhuri. Uliona! Uliona hagongi, ukakaa kimya!"

"Kazi yangu ni kulinda kura za mtu wangu."

"Uliona!"

"Haya, niliona!" Kinyozi akatupa mikono. "Kwani mimi ndiye karani? Mimi kinyozi. Mtu akitoka kwa kinyozi mwingine amenyolewa kichwa nusu, ni juu yangu kumkimbilia barabarani na mashine?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

Fundi akakaa. Kiti kikalia. "Chai," akasema kama anajisemea. "Wameniamini, wameniweka hapa, nami nimekwenda kunywa chai. Chai, jamani."

Mnaona? Kila mmoja ndani ya chumba kile alikuwa na lake la kuficha uso. Jua la jioni lilikuwa bado linaingia dirishani, limetanda juu ya karatasi, na hapakuwa na kivuli cha kujisitiri.

Ndipo nje, uani, mtoto akalia.

Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakingoja matokeo yabandikwe mlangoni. Watoto wengi walikuwa wamelia tangu asubuhi, na karani hakuwajali. Lakini kilio hiki alikijua. Kina mkwaruzo mwishoni, kama mlango unaohitaji mafuta. Angekitambua hata angezikwa.

Kifua chake kikakitambua kabla yake.

Akauhisi ule moto, kisha ule ulegevu. Mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe ukabana kizibao chake cha kazi. Akachelewa. Doa likatokeza kwenye kitambaa, bichi, linatanuka, na kila mtu akaliona.

Askari akageukia ukuta. Kanuni akaanza kusoma kitu kisichokuwapo mezani.

"Subiri," Fundi akasema. Akainuka, akamkaribia. "Huo mkono. Niliporudi kutoka kwenye chai nilikukuta umeuweka hivyo, kisha ukaushusha. Nilidhani unaumwa."

Karani akatikisa kichwa. Machozi yakaanza kumtoka. Hata huko yalikotoka kulikuwa kumejaa aibu.

"Ni mwanangu anayelia," akasema.

"Sema, mama. Sema tu."

Na akasema. Alisema huku akitazama sakafu, na maneno yalitoka kwa vipande.

"Wale kina mama walipopishwa, mwanangu alikuwa kwenye foleni yao, amebebwa na mama mkwe. Akalia. Maziwa yakaja. Nikabana hivi, na mkono mmoja. Nikabaki na mkono mmoja wa kufanyia kazi. Nikawa nachana, nakunja, natoa. Nachana, nakunja, natoa. Muhuri ulikuwa upande wa huu mkono niliobana. Sikukumbuka. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, kwamba msinione. Foleni ilipoisha maziwa yakatulia, nikaushusha mkono, nikaendelea kugonga kama kawaida. Nilikuja kujua hapa, Mwalimu alipogeuza ile ya kwanza." Akajifuta pua kwa kiganja. "Wale mama hawakuharibu kitu. Kosa ni langu. Andikeni. Na nimewacheka. Hilo nalo andikeni mkitaka."



"Kwa nini hukuomba kutoka, ukamnyonyesha?" Fundi akauliza. "Dakika chache tu. Nani angekukatalia?"

Karani hakumtazama mtu yeyote. Hasa hakumtazama mtu mmoja.

Kanuni akaweka kalamu mezani.

"Aliomba," akasema. "Asubuhi, kabla hatujafungua. Nilimwambia kituo si kliniki." Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Kanuni haimkatazi. Nilikataa mimi."

Fundi akavua shali lake akamfunika karani mabegani, akalivuta mbele likafunika kizibao. "Andika, Mwalimu," akasema. "Andika yote, na hilo la chai yangu usiliache. Nitatia sahihi."

Kanuni akavuta karatasi ya maelezo. Kwa mara ya kwanza tangu sanduku lifunguliwe, karani alihisi kama kuna dirisha limefunguliwa. Kura zitakwenda juu. Zinaweza kuhesabiwa. Kazi atapoteza, sawa, lakini atapita mbele ya wale mama bila kubadilisha njia.

"Samahani kidogo," Kinyozi akasema.

Alikuwa ameondoa mguu juu ya mguu. Tabasamu lilikuwa limerudi, na safari hii lilikuwa na meno.

"Nimemsikia vizuri? Mtoto ni wake. Aliyembeba ni mama mkwe wake. Mama mkwe alipiga kura hapa, kwenye meza hiyo, akahudumiwa na mkwe wake, na hakuna aliyetangaza. Mwalimu, wewe unayezijua kanuni. Karani akimhudumia ndugu yake, inatakiwa nini?"

Kanuni akanyanyua uso taratibu. "Inatakiwa aseme. Mawakala wote wawili washuhudie."

"Alisema?"

"Hakusema."

"Basi mimi sitii sahihi kokote. Nadai kituo kizima kifutwe. Zenye muhuri na zisizo na muhuri. Sanduku lote!"

"Shetani wewe!" Fundi akaruka.

"Sanduku lote, shemeji."

Karani, aliyekuwa amefunguliwa dirisha, akahisi limefungwa kwa kishindo usoni pake. Alikuwa amesema ukweli ili kuziokoa kura za kina mama wachache, na sasa ukweli huohuo unataka kuzizika kura za mtaa mzima. Angenyamaza! Laiti angenyamaza tangu mwanzo!

"Tulieni," Kanuni akasema. Uso wake ulikuwa umezeeka. "Mama huyo aingie. Nitamuuliza swali moja mbele yenu: alipewa msaada wowote wa kipekee? Kama hakupewa, naandika hivyo na kituo kinabaki. Askari, mwite."

Karani akataka kusema asiitwe, lakini askari alikuwa ameshatoka. Kuna jambo la asubuhi ambalo hakulisema katika maelezo yake, na sasa lilikuwa linaingia mlangoni kwa miguu yake lenyewe.

Mama mkwe ni dobi. Ana mikono iliyokunjamana kwa maji ya sabuni, na ana tabia ya kuingia mahali akitafuta pa kukaa bila kumsumbua mtu. Aliingia na mjukuu begani, amemzungushia kitambaa cheupe. Mtoto alipomwona mama yake akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," Kanuni akasema.

"Marahaba, baba. Kuna nini? Matokeo yametoka?"

"Bado. Nataka kukuuliza. Huyu karani ni nani kwako?"

Mama mkwe akamtazama karani, shali, macho mekundu. "Ni mke wa mwanangu," akasema. "Nyumbani ni mwanangu. Hapa sijui mnamwitaje."

"Asubuhi ulipofika mezani kwake, alikupa msaada wowote wa pekee? Alikupendelea kwa lolote?"

"Kunipendelea?" Mama mkwe akashangaa. "Baba, hata salamu hakuniitikia."

Karani akafumba macho.

"Nilimwita," mama mkwe akaendelea, hana hasira, anaeleza tu kama anayeeleza nguo zilivyochanganyika. "Nikamwita tena. Nikamwambia, mwanangu, hebu. Akasema, 'Mama, songa mbele, unachelewesha foleni.' Hakuninyanyulia uso. Na mtoto analia, anamtaka. Basi nikasonga. Nikajua ana kazi. Nikajua pengine anaona haya watu wasijue ni mkwe wa dobi."

"Sivyo, mama," karani akasema. "Wallahi sivyo."

"Yamekwisha, mwanangu. Nilitaka tu kukwambia muhuri."



"Kumwambia nini?" Kanuni akauliza.

"Muhuri. Niliona karatasi yangu haikugongwa. Si wiki nzima anatufundisha jikoni? Mwiko ndio muhuri, ubao wa kukatia mboga ndio meza. Chana, gonga, kunja. Hata vitunguu nimevigonga mimi."

Fundi akaachia kicheko kilichokatika katikati.

Kinyozi hakucheka. Aliinamia mbele. "Kwa hiyo, mama yangu," akasema kwa upole wa kutisha, "ulijua karatasi haina muhuri. Na bado ukaitumbukiza sandukuni?"

"Nani kasema niliitumbukiza?"

Akaingiza mkono kwenye kitambaa cha mtoto, kwenye mkunjo wa mgongoni, akatoa karatasi ya kura. Imekunjwa vizuri, ina joto la mtoto. Akaiweka mezani mbele ya Kanuni kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Nilisema nitamngoja atoke aigonge, halafu ndiyo niiingize. Sikutaka ipotee bure. Huyo Mkunga ndiye aliyempokea huyu mtoto."

Dada wa wino akashika mdomo kwa kidole chake cha zambarau. "Nilimpaka wino," akasema. "Sikuangalia kama ametumbukiza. Nilikuwa namchezea mtoto. Mungu wangu, nilikuwa namchezea mtoto."

Askari alikuwa ameshafunga mlango. Akasimama mbele yake.

"Mama," akasema, na ungemsikia kwamba hakulipenda neno lililokuwa linakuja. "Kutoka na karatasi ya kura kituoni ni jela."

"Jela?" Mama mkwe akatazama huku na huku, akitafuta nani anatania. "Kwa karatasi yangu?"

"Mwizi wa kura!" Kinyozi akapiga meza. "Tumempata! Mama na mkwe! Walipanga!"

"Nyamaza!" Kanuni akanguruma, na kwa mara ya kwanza maishani hakutaja kanuni. Akaichukua ile karatasi. Haikuwa na muhuri. Akamgeukia karani. "Nisikilize vizuri kabla hujajibu. Hii karatasi, ulimpa wewe, leo, mezani kwako?"

Msomaji, uone alipobanwa. Akisema ndiyo, mama mkwe anaondoka na askari. Akisema hapana, basi karatasi imetoka kusikojulikana, maelezo yake yote yanageuka uongo wa pili, na kura za wale mama zinakwenda kutupwa pamoja na sanduku zima.

Mama mkwe hakuelewa yote. Lakini alielewa kwamba mtoto wa watu yuko matatani. Akamtikisia kichwa kidogo sana, ishara ile ya nyumbani: usiseme, niachie mimi.

Hiyo ndiyo iliyomvunja karani. Mama huyu alimwita asubuhi, na yeye hakumnyanyulia uso.

Mtoto akalia tena. Alilia kwa hasira sasa, amechoka kunyoosha mikono kwa mtu aliye hatua chache tu mbele yake.

"Nijibu," Kanuni akasema.

Karani akavua kitambulisho shingoni akakiweka mezani, kando ya muhuri.

"Nitajibu, Mwalimu. Kwanza mnipe mwanangu."

Akampokea mtoto mikononi mwa mama mkwe. Vidole vyao vikagusana, na akashindwa kumtazama usoni. Akakaa kwenye kiti chake cha muhuri, mbele ya Kinyozi, mbele ya askari, mbele ya kila jicho alilolikimbia tangu asubuhi. Akaliondoa shali la Fundi. Akafungua kizibao.

Kilio kikakatika.

Askari alishika pingu, hajui pa kuziweka. Mtoto alinyonya kwa pupa, amefumba macho, na mama yake akiwa amemwinamia mpaka nywele zikamfunika uso, mama mkwe akavuta kiti akakaa ubavuni pake, kusubiri jibu.